Chujio la floraidi: mradi umefeli au walipima ndivyo sivyo?

Wakuu naleta mada. Huku kwetu Maji ya Chai, Arusha, kuna mradi uligawa ndoo za chujio la mkaa wa mifupa, la kukamata floraidi, yale madini ya kwenye maji yanayotia meno doa la kahawia, baada ya miaka miwili wakarudi, wakapima maji, wakakagua meno ya wanafunzi wa shule ya msingi, wakasema hamna kitu, ufadhili ukakata. Mi nauliza walipima nini hasa? Kwa mama mkwe wangu ndoo iko sebuleni imefunikwa kitambaa, maji yake ni ya wageni na kumezea dawa, makande yanachemka jikoni kwa maji ya bomba na bado anatupia magadi yaive haraka, na magadi nayo yana floraidi. Afu mkaa ukishajaa haukamati tena, maji yanatoka masafi tu kwa macho, mtu anakunywa moyo kwatu. Wa kuubadilisha alikuwa nani? Hayupo.

— Mkuu acha kutetea. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita, imepita au haijapita, basi. Na meno ya watoto bado kahawia, tunayaona.

— Meno ndo usiyataje kabisa. Doa linaingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, mtoto wa darasa la nne hata umnyweshe maji ya chupa kuanzia leo meno ni yale yale. Wa kuangaliwa ni aliyekuwa ananyonya siku ndoo inafika, na ya kudumu ya mbele huota kwenye miaka 6 mpaka 8, sasa miaka miwili unakagua nini?

— Sawa, ila hata ukisubiri utajuaje ni chujio? Hawakuchukua kijiji kisicho na ndoo walinganishe.

— Mi niko Moshi, kwetu mzee aliuliza mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, hakujibiwa, hakugusa. Ila dodoso lilipokuja na swali la mnatumia ndio au hapana mama akasema ndio, mgeni kaja na kalamu na fulana ya mradi utamwambia hapana?

— Umeona eeh! Wangekaa jikoni siku tatu tu. Na wapime mkojo, ule unaonyesha floraidi yote iliyoingia, ya maji, ya magadi, mpaka ya majani ya chai.

— Mkojo nani atalipia jamani, na mkaa wenyewe ulitushinda?