Hosteli ya wanafunzi: Upanga, Kigamboni au Dodoma?

Mwananzengo
Wakuu, habari za majukumu. Nimepata kiinua mgongo changu, nataka kununua nyumba niigeuze hosteli ya wanafunzi wa chuo. Kuku sitaki, bodaboda sitaki, nimeshaona yaliyowapata wenzangu. Nimebakiza sehemu tatu: Upanga (vyuo vya IFM cha fedha, CBE cha biashara, DIT cha teknolojia na Muhimbili cha udaktari, kote mtoto anatembea kwa miguu), Kigamboni, au Dodoma upande wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Dalali wa Kigamboni ananikazania nitoe kianzio kabla ya mwisho wa mwezi. Ipi inalipa? Naomba michango, matusi hapana.

Kandambili
Shilingi ngapi? Hati ipo au ni karatasi ya serikali ya mtaa? Vyumba vingapi? Maji ya DAWASA au kisima? Hujasema kitu halafu unataka jibu.

Mzee wa Kikotoo
Kiinua mgongo cha kikotoo (kanuni ya kupiga hesabu ya mafao) cha zamani au kipya? Kama ni kipya, chenye mkupuo mdogo, Upanga ifute leo hii. Kwa hela hiyo Upanga utauziwa sehemu ya kuegesha gari.

Ng'ambo ya Pili
Na ni hosteli ya mabinti, ya vijana wa kiume, au mchanganyiko? Hilo ni kubwa kuliko mtaa. Mimi ni mkazi wa Kigamboni na nakwambia njoo huku. IFM iko Shaaban Robert, imebanwa kati ya Makumbusho na maofisi ya serikali, haina pa kuongeza vitanda. Watoto wao wanavuka na pantoni, wakishuka Kivukoni wanatembea tu. Tena huku tuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kipo tangu kikiitwa Kivukoni mwaka 1961. Vyuo viwili kwa nyumba moja, unataka nini tena?

Kandambili
Ng'ambo, sema na ya Januari 2013. Wanafunzi wa IFM waliandamana kwa sababu ya kuvamiwa na kuporwa huko huko Kigamboni. Mzazi mwenye binti anayakumbuka hayo.

Ng'ambo ya Pili
2013! Wakati huo hata daraja halikuwepo. Limefunguliwa Aprili 2016, na Kigamboni ya leo siyo ile. Jenga ukuta, weka taa, ajiri mlinzi asiyelala. Mbona Sinza wanaibiwa kila siku na hamuisemi?

Fundi Chokaa
Mkuu Mwananzengo, mimi ni mtu wa majengo. Kabla ya kuangalia nyumba, kaangalie chuo chenyewe kimejengwaje, kwa sababu ramani ya chuo ndiyo itakayokuletea wapangaji au kukunyima.

Chuo cha katikati ya mji hakina ardhi. IFM imeanzishwa kwa sheria ya 1972, mji umeshaizunguka, ikitaka kukua inapanda juu. DIT na CBE vilevile, wako Bibi Titi na barabara imewakaba. Wakipata fedha wanajenga madarasa, maabara na ofisi, maana hivyo ndivyo vinavyotazamwa kwenye ithibati. Vitanda vinasubiri. Kila ghorofa jipya la madarasa linaongeza wanafunzi wasio na pa kulala, na hao ndio wateja wako.

Sasa njoo UDOM. Ilianzishwa 2007 pale Chimwaga, ardhi ni maelfu ya hekta, lengo lilikuwa wanafunzi 40,000. Mifuko ya hifadhi ya jamii ikamwaga fedha, kila ndaki (kundi la vitivo) ikajengwa na mabweni yake. Mpaka serikali ilipohamia Dodoma, baadhi ya wizara zilipewa majengo humo humo chuoni zikakaa na nafasi ikabaki. Kwenye chuo kama hicho wewe wa nje unapata waliokosa nafasi na wasiotaka sheria za bweni. Wapo, ila usipige hesabu kwamba utawapata wote.

Mwanamlimani
Fundi umeongea. Lakini mbona hakuna anayetaja mitaa ya jirani na Mlimani: Changanyikeni? Msewe? Makongo? Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), hakihami, hakifi, na kila mwaka kinaongeza kozi. Muda wa masomo vyumba havishiki vumbi.

Mzee wa Kikotoo
Mlimani wameshajengewa hosteli za Magufuli, majengo 20, wanafunzi 3,840. Zilipofunguliwa Aprili 2017 wenye nyumba wangapi wa Changanyikeni na Mabibo walishusha kodi?

Mwanamlimani
Walishusha muhula mmoja wakapandisha tena. Zile zenyewe zilipigwa picha za nyufa Desemba mwaka huohuo.

Fundi Chokaa
Tafadhali. TBA, Wakala wa Majengo, walitoa maelezo kwamba pale ni viungo vya kutanukia. Jengo refu la zege linaachiwa mwanya makusudi ili joto likipanda lisijipasue. Mwanya wenyewe siyo kasoro. Ukiujaza plasta na rangi, plasta ndiyo inayokatika, na mpita njia anaona ufa. Kwa mjini, nenda kaangalie jengo lolote refu la Posta, utaona ule mstari umefunikwa kwa bati.

Kandambili
Plasta ikatike kwenye jengo lenye miezi minane? Maelezo ya TBA tuliyasikia. Umaliziaji ule bado ulikuwa wa haraka haraka.

Fundi Chokaa
Umaliziaji na uimara ni vitu viwili tofauti. Sibishani zaidi ya hapo.

Chausiku M.
Nimesoma yote, ngoja niwape uzoefu. Nilikuwa na hosteli ya mabinti mkoani, jirani na chuo ambacho sitakitaja. Nyumba ilikuwa ya familia, vyumba sita. Tukakata sebule kwa mbao laini zikapatikana nafasi zaidi, tukaweka vitanda dabodeka. Mwaka wa kwanza ulijaa mpaka nikawa nakataa watu getini.

La kwanza lilikuwa shimo. Shimo la choo la nyumba ya baba, mama na watoto wanne haliwezi kubeba mabinti wanaooga asubuhi na jioni na kufua kila Jumamosi. Lilijaa likatapika uani kipindi cha mitihani. Gari la maji taka likawa linakuja kwangu kama ndugu wa ukoo. La pili luku. Mita moja, kila chumba kina pasi, hita na jiko la umeme la kujificha. Kila mmoja anasema si yeye. Nikaweka mita ndogo kwa kila chumba, fundi akanikamua, lakini ugomvi ukaisha. La tatu ni bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi. Bumu likichelewa, kodi haipo, na huwezi kumtoa mtoto wa mwenzio usiku. Halafu likizo ndefu: kuanzia Julai mpaka Oktoba unakaa na vyumba vitupu, wengine wameenda mafunzo kwa vitendo mikoa yao, wanakwambia "mama, mizigo tunaiacha, kodi hatulipi".

Hayo yote niliyavumilia. Kilichoniua ni chuo kuhamisha kitivo kizima. Walikuwa na eneo jipya upande wa pili wa mji, wakajenga taratibu miaka mingi, sisi tunapita tunaona nguzo tunasema hawamalizi hawa. Wakamaliza. Mwaka wa masomo ulipoanza, mabinti walikuja kuchukua magodoro yao tu. Mtaa mzima ulikauka, wa fotokopi, wa chipsi, wa kusuka. Nyumba ile sasa mtu anaweka magunia ya mahindi. Kwa hiyo Mwananzengo, usiulize wanafunzi wangapi wapo leo. Uliza chuo kina kiwanja wapi kwingine.

Kandambili
Huu ndio mchango. Na siku hizi ni zaidi. Mradi wa HEET wa elimu ya juu, dola milioni 425 za Benki ya Dunia tangu 2021, unajenga kampasi mpya mikoani. UDSM wanakwenda Bukoba na Lindi, Muhimbili Kigoma. Mtoto wa Kagera kesho atasoma kwao.

Ng'ambo ya Pili
Mtoto wa Kagera anataka kuja Dar hata chuo kikiwekwa sebuleni kwao.

Jangwani Boy
Niko Phoenix, Arizona, nawasoma kimya kimya. Huku mambo yalikwenda kinyume na yenu. Chuo kikuu cha jimbo makao yake ni Tempe, mji wa jirani. Machi 2006 wapiga kura wa jiji la Phoenix waliidhinisha hatifungani za dola milioni 223 ili chuo kijenge kampasi katikati ya jiji, na Agosti hiyohiyo madarasa yakaanza. 2008 shule ya uandishi wa habari ikahamia, na mwisho wa mwaka huo treni ya mjini ikaanza kupita mlangoni. 2016 ikaja shule ya sheria. Jengo la zamani la posta la huku, la miaka ya 1930, hawakulibomoa, wakawapa wanafunzi. Katikati ya jiji hapa jioni palikuwa pakavu, sasa kuna watu mpaka usiku. Ila kodi zimepanda, wenye kipato kidogo, wakiwemo ndugu zetu Wakongo na Warundi, wanakaa mbali zaidi. Nachosema: ukitaka kuwekeza, fuata treni na chuo vinapokutana.

Mzee wa Kikotoo
Hapa si Arizona kijana. Hapa chuo kilianza mjini kikakimbia. Oktoba 1961 pale Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, darasa la sheria watu wachache wanahesabika. 1964 wakapandishwa Mlimani.

Mwanamlimani
Na ndiyo ilikuwa akili. Wangebaki Lumumba wangekuwa na ghorofa moja na lifti mbovu. Mlimani kuna miti, kuna hewa, Ukumbi wa Nkrumah uliwahi kuwekwa mpaka kwenye noti ya mia tano. Nani ataweka ghorofa la Posta kwenye noti?

Jangwani Boy
Noti haimlipi mtu kodi, mkuu. Chuo kikikaa mlimani peke yake, mji unabaki na maofisi na walinzi tu baada ya saa kumi na moja.

Ng'ambo ya Pili
Huko mjini kwenyewe nani anaweza kulala? Mwendokasi ilipoanza 2016 wanafunzi wa CBE na DIT walihamia Kimara, Manzese na Magomeni. Wanapanda basi wanashuka jirani na chuo, imetosha. Hoja ya treni na chuo inafaa Kimara, siyo Upanga.

Kandambili
Hapo nakuunga mkono, japo inaniuma. Ila unajua umeshaiua Kigamboni yako mwenyewe?

Mwananzengo
Asanteni sana wakuu. Nijibu maswali: hela haifiki milioni mia. Nyumba ya Kigamboni ina mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa, hati dalali anasema "iko kwenye mchakato". Choo ni cha ndani, shimo sijaliona. Mama watoto ni Mgogo, yeye anataka Dodoma, anasema tukikosa wanafunzi watapanga watumishi wa serikali. Na tangu SGR, treni ya umeme, ifike Dodoma 2024 anasema ni jirani tu.

Chausiku M.
Shemeji ana akili kuliko dalali.

Fundi Chokaa
Mtumishi anataka chumba na sebule, jiko na choo chake. Mwanafunzi anataka kitanda na meza. Ni ramani mbili tofauti. Ukijenga ya mwanafunzi, mtumishi haingii. Ukijenga ya mtumishi, wanafunzi wanaweza kuchangia wawili watatu. Anza na ya mtumishi.

Mzee wa Kikotoo
Mchakato wa hati! Mimi wangu una umri wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Mwanamlimani
Mwananzengo, ndugu yangu anauza Changanyikeni, hati ipo, nakutumia namba pembeni.

Kandambili
Nilijua tu. Kumbe tulikuwa tunabishana na dalali tangu asubuhi.

Mwanamlimani
Mimi siyo dalali, nasaidia ndugu.

Chausiku M.
Hivi kuna mtu humu anajua wanaonunua dabodeka zilizotumika? Bado ninazo, chuma safi.