Refa wa besiboli Nakuru ametupokonya fainali kwa mkimbio usiohesabika, na sinyamazi

Wadau, kabla sijamwaga hasira zangu naomba mnijibu swali moja, na jibu litoke kwenye kitabu cha kanuni, si kwenye kelele.

Auti ni mbili, yaani wawili wa upande unaopiga wameshatolewa, na wa tatu akitolewa zamu yao ya kupiga inaisha. Besi zote tatu zimejaa. Mpigaji anapiga mpira unaotambaa chini, unamwendea nambari sita, yule anayesimama katikati ya besi ya pili na ya tatu. Anauokota, anamrushia mwenzake ambaye mguu wake uko juu ya besi ya pili. Mkimbiaji anayetoka besi ya kwanza bado yuko njiani. Auti ya tatu. Lakini yule aliyekuwa besi ya tatu alishakanyaga homu, ile besi ya mwisho pale mpigaji anaposimama, kabla mpira haujafika. Mkimbio wake, yaani alama moja, unaingia au hauingii?

Hauingii! Hata angekuwa ameshafika homu, akanywa maji na kufunga kamba za viatu, hauingii.

Sasa haya ndiyo yaliyotukuta wikendi iliyopita hapa Nakuru, kwenye fainali ya watoto wa chini ya miaka kumi na tatu, kiwanja cha shule moja upande wa Section 58. Sitaji shule wala waandalizi, waliokuwepo wanajua. Awamu ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho kwa watoto, matokeo 6-6, wenyeji wanapiga. Ikatokea kama nilivyoeleza, hatua kwa hatua. Refa akanyoosha ngumi kuonyesha auti kwenye besi ya pili, kisha akageuka akaonyesha homu na kusema mkimbio umeingia. 7-6, mechi imeisha, wenyeji wakavamia uwanja kwa shangwe. Kijana wetu wa nambari sita alikuwa ameshatupa glavu chini na anakimbia kuja kuchukua gongo, kwa sababu alijua tunaenda awamu ya saba na yeye ndiye wa kwanza kupiga. Alifika kwenye benchi ndipo akaona wazazi wa upande ule wanacheza ngoma. Akaniuliza, "Mathe, kwani wanasherehekea nini?"

Sisemi tungeshinda. Huenda awamu ya saba wangetunyuka tano. Lakini ilikuwa ichezwe.

Kwa wale wasioufuata mchezo huu, acha nieleze polepole, maana nimechoka kusikia "ni maoni tu ya refa". Mpigaji akishaupiga mpira ndani ya mistari, anageuka kuwa mkimbiaji, na besi ya kwanza inakuwa yake. Aliyekuwa pale hana hiari, lazima aondoke aende ya pili. Wa pili naye anasukumwa aende ya tatu, wa tatu anasukumwa aende homu. Mtu anayesukumwa namna hii si lazima aguswe na mpira. Ukiushika mpira na kukanyaga besi anayoiendea kabla hajafika, ametoka. Na auti ya tatu ikipatikana kwa njia hii, au mpigaji mwenyewe akitolewa kabla ya kufika besi ya kwanza, hakuna mkimbio unaohesabiwa kwenye tukio hilo. Saa ambayo mtu alipita homu haina maana yoyote. Kitabu rasmi cha kanuni za besiboli, kifungu 5.08(a), kimeandika hivyo waziwazi. Na waandalizi wenyewe walituambia asubuhi, kwa kipaza sauti, kwamba tunafuata kitabu hicho ila tumepunguza awamu kutoka tisa hadi sita.

Najua refa alichokuwa nacho kichwani. Iko hali nyingine ambapo muda ndio unaoamua. Tuseme mpigaji amepiga vizuri, amefika besi ya kwanza salama, halafu tamaa ikamshika akajaribu kwenda ya pili, akaguswa na mpira njiani, auti ya tatu. Hapo ndipo unauliza: yule wa besi ya tatu alipita homu kabla mwenzake hajaguswa? Kama alitangulia, mkimbio unaingia. Aliyeguswa hakulazimishwa na mtu, alikwenda kwa hiari yake. Refa wetu alisikia hii nusu mahali fulani, akaibeba akaja kuitumia kwenye fainali. Anayejua nusu ni hatari kuliko asiyejua kabisa, maana asiyejua huuliza.

Kocha wetu alimwendea kwa heshima: "Refa, hiyo auti ni ya kulazimishwa, mkimbio hauingii." Jibu: "Nimeona kwa macho yangu mtoto amepita homu kwanza." Hakuna aliyebisha kwamba alipita kwanza! Nikafika mimi na simu, kifungu kiko wazi kwenye kioo, nikamwambia asome mwenyewe. Akaniambia, "Mama, rudi upande wa wazazi. Hapa hatuchezi kwa simu."

Mnieleze basi walikuwa wanacheza kwa nini, maana hiyo fainali ilikuwa na vituko tangu mwanzo. Awamu ya pili mtoto wetu anakimbia kutoka besi ya kwanza kwenda ya pili, beki wao anamtandika mpira mgongoni, PAA, na refa anapaza sauti, "Auti!" Jameni! Hiyo ni raunda. Ni kati tuliyocheza uani shuleni tukiwa na soksi zilizojazwa matambara. Kwenye besiboli unamgusa mkimbiaji kwa mpira ukiwa mkononi mwako au ndani ya glavu yako. Ukimrushia ukampiga, hajatoka, na mpira ukienda mbali anaendelea na safari yake. Mtoto alilia, si kwa maumivu bali kwa kuambiwa ametoka.

Awamu ya nne ikaja mbaya zaidi, na hii wengi hawakuishtukia. Tuna watu besi ya kwanza na ya pili, hakuna auti. Mpigaji wetu akapiga mpira wa juu, ukapanda wima ukawa unashuka taratibu karibu na besi ya tatu, mpira ambao mtoto wa chekechea angeudaka. Wakimbiaji wetu wakabaki kwenye besi zao kama walivyofundishwa, kwa sababu mpira ukidakwa na wewe umeshaondoka, unatolewa. Yule beki akajifanya amekosa. Akauacha uanguke, akauokota, akakanyaga besi ya tatu, akarusha ya pili. Auti mbili papo hapo, uwanja mzima unapiga makofi.

Huo ujanja ulizibwa na kanuni tangu karne ya 19. Watu wakiwa besi ya kwanza na ya pili, au zote tatu zikijaa, na auti hazijafika mbili, mpira wa juu ambao beki wa ndani anaweza kuudaka bila kuhangaika unamtoa mpigaji hapo hapo, udakwe usidakwe. Refa anatakiwa kutangaza mpira ukiwa bado hewani ili wakimbiaji wajue hawalazimiki kuondoka. Yaani tulipaswa kuwa na auti moja na watu wawili bado wamesimama besi ya kwanza na ya pili. Badala yake tukawa na auti mbili na mtu mmoja besi ya kwanza. Kuna tofauti ya mlima Menengai hapo.

Mengine nayapita. Mtoto aliyepewa straiki ya tatu (kosa la tatu la mpigaji, linalomtoa) kwa mpira alioupiga nje ya mistari ilhali hakuwa anaudokoa kwa gongo lililotulia, tumemsamehe. Tumezoea.

Nisichosamehe ni meza ya alama. Mimi ndiye ninayeandika alama za timu yetu, na nilipotaka tulinganishe vitabu nikaonyeshwa daftari la mazoezi la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ukurasa umegawanywa katikati kwa biro, kila upande vijiti. Vijiti! Vinne vimesimama, cha tano kimelazwa juu yao, kama mtu anayehesabu magunia ya viazi yanayoshuka kwenye lori. Kijiti hakikuambii ni awamu gani. Hakikuambii nani alipita homu, kwa pigo la nani, auti ya tatu ilikuwa wapi.

Kuandika alama za besiboli si kazi ya kutisha. Kila nafasi uwanjani ina nambari yake, na haihusiani na nambari ya jezi: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule wa katikati ya pili na ya tatu 6, kisha wa nyuma kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mpira ukiokotwa na sita akamrushia nne aliyekanyaga besi ya pili, unaandika 6-4 kwenye kisanduku cha mkimbiaji aliyetolewa, unazungushia auti nambari 3, basi. Aliyekosa straiki tatu anaandikiwa K. Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani, alieneza uandishi wa namna hii karne ya 19, hakuwa na simu wala kikokotoo. Ile meza ingekuwa na 6-4 imeandikwa, mzozo wote ungeisha kwa dakika moja, kwa sababu 6-4 huku mtu akitoka besi ya kwanza baada ya mpira wa chini haiwezi kuwa kitu kingine ila auti ya kulazimishwa.

Na vijiti hivyo hivyo ndivyo vilivyotumika kugawa zawadi. Binti wetu mmoja alisimama kupiga mara tisa wikendi nzima. Mara nne mrushaji alimkosea boli nne, yaani mirusho minne mibaya ambayo hakuipiga, akapewa besi ya kwanza bure. Zinabaki tano. Katika hizo tano alipiga na kufika salama mara tatu. Wastani wake ni tatu gawanya kwa tano, .600, kwa sababu boli nne hazihesabiwi kama nafasi ya kupiga. Mtoto hawezi kuadhibiwa kwa kuwa na jicho zuri la kuuacha mpira mbaya. Wao wakagawanya tatu kwa tisa, wakapata .333, na kikombe cha mpigaji bora kikaenda kwa kijana mwenye mapigo manne kati ya kumi, .400. Kijana ni mzuri, sina neno naye. Hesabu ndiyo mbovu.

Tukakata rufaa. Mezani wakasema rufaa ni elfu mbili na hazirudishwi, juu ya zile elfu tatu kila timu ilizolipa kushiriki. Wazazi tukachanga pale pale. Wakakaa chini ya mti, wakapiga soga kidogo, wakarudi na sentensi moja: "Uamuzi wa refa ni wa mwisho." Uongo wa mchana. Uamuzi wa jicho ndio wa mwisho: mpira ulikuwa straiki au boli, mtu alifika besi kabla ya mpira au baada. Kifungu 8.02(a) kinasema hivyo na mimi siupingi. Lakini 8.02(b), mstari unaofuata tu, unampa kocha haki ya kuomba uamuzi urekebishwe ukiwa unagongana na kanuni. Sisi hatukubishana na jicho la refa hata kidogo. Tunakubali mtoto alipita homu kwanza. Tunakataa alichokifanya baada ya kuona.

Na tafadhali, asije mtu na ile ya "mchezo bado mgeni Kenya, tuvumiliane". Hapo jirani Uganda, mwaka 2011 watoto walishinda nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na wakashinda mechi moja dhidi ya timu ya Oregon. Lugazi, jameni, mji wa mashamba ya miwa kama Muhoroni. Besiboli inarudi Olimpiki Los Angeles 2028, na sisi tunafundisha watoto kwamba ukipigwa mpira mgongoni umetoka.

Ninachotaka: pesa ya rufaa irudi, matokeo yaandikwe 6-6 na awamu ya saba ichezwe siku watakayotaka wao, hata kwenye kiwanja chao. Kikombe cha mpigaji kihesabiwe upya. Na mtu yeyote atakayesimama nyuma ya mdakaji msimu ujao aulizwe kwanza swali nililoanza nalo.

NIMERUDI kujibu wachache. Aliyesema nina uchungu wa kushindwa: ninao, na 5.08(a) bado ipo, kaisome. Aliyeuliza kama ingekuwaje mpira ungerushwa besi ya kwanza badala ya ya pili na mpigaji akatolewa: jibu ni lile lile, hauingii. Na aliyeuliza kama ingekuwa auti moja tu kabla ya mpira ule: hilo ni swali zuri. Hapo auti ya besi ya pili inakuwa ya pili, si ya tatu, mkimbio unaingia, wenyeji wameshinda 7-6 kihalali, na mimi ningepakia watoto kwenye matatu nikarudi nyumbani bila kufungua uzi wowote.