Naomba ushauri: kuhama kutoka AutoCAD kwenda BIM

Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ndogo ya wasanifu majengo bado inachora kwa AutoCAD (programu ya kuchora ramani kwa kompyuta), sasa tunataka kuhamia BIM, yaani kuunda modeli ya 3D ya jengo yenye taarifa za kila sehemu yake. Kuchagua programu ya BIM, kati ya Revit na ArchiCAD, naona ndiyo sehemu rahisi. Kinachoniumiza kichwa ni wahandisi tunaoshirikiana nao: wanatuma michoro ya 2D tu, kwa hiyo modeli yetu itabaki pambo, na bomba linalopita katikati ya boriti litagundulika saiti kama kawaida. Je, wakikubali kubadilishana faili za IFC (aina ya faili inayosomwa na programu tofauti za BIM), taarifa hazipotei njiani? Na waliokwisha kuhama, mlianza na mradi mpya mdogo au mlihamisha uliokuwa unaendelea? Bosi anataka huo wa pili. Mimi naogopa.