Egzosta kila miezi miwili, septiki ya mzee imekufa ama naibiwa?

MtotoWaRuai
Wadau habari za jioni. Niko Ruai, Nairobi, kwa nyumba ya mzee wangu, ilijengwa 1998 na septiki ni ile ile ya mawe, tanki ya vyumba viwili halafu shimo la kunyonya huko nyuma. Miaka hiyo yote mzee alikuwa anaita egzosta (lori la kunyonya maji taka) labda mara moja kwa miaka minne, sasa tangu tuongeze bedsita tatu za kupangisha naita kila miezi miwili na kila safari ni elfu saba. Wiki moja tu baada ya kunyonya nikifungua menholi nakuta imejaa tena! Na hii mvua ya Aprili choo cha chini kinagugumia ukiflashi, nyasi za karibu na shimo zimekuwa kijani kushinda za shamba lote na harufu nayo usiseme. Fundi mmoja ameniambia nijenge tanki ingine, bei aliyotaja siandiki hapa nisije nikalia. Hii ya zamani siwezi kuisukuma miaka kadhaa bado? Na kinachouma ni kwamba mabwawa ya maji taka ya jiji yako huku huku Ruai na plot yetu laini ya sua haijaiona.

BombaNaSpana
Boss usichimbe chochote kwanza. Hiyo ya kujaa baada ya wiki isikutishe, septiki haikai tupu, kazi yake ni kuwa imejaa mpaka usawa wa paipu ya kutokea halafu kinachoingia kinasukuma kingine kitoke. Piga hesabu tu, tuseme tanki ni lita 6,000, mko watu tisa na kila mtu lita 80 kwa siku, hizo ni lita 720, siku ya tisa imejaa. Ukiita lori kila ukiona maji unalipa elfu saba libebe maji ya kuoga.

Fungua menholi ya upande wa shimo uangalie maji yamefika wapi. Yakiwa sawa na sakafu ya paipu, tanki iko poa. Yakiwa yameifunika paipu, shimo ndilo limekataa kunywa. Halafu angalia kama ile T ya kutokea (kipande cha umbo la T kwa mdomo wa paipu) bado iko, za saruji za kitambo huliwa na gesi mpaka zinaanguka, na ikishaanguka mafuta yanayoelea juu yanafuata maji hadi kwa shimo yanaziba udongo. T ya plastiki ya inchi nne ni pesa kidogo sana ukilinganisha na shimo jipya.

Tope lipime. Funga taulo nyeupe kuukuu kwa ufito mrefu, zamisha hadi chini, ngoja dakika chache, ukitoa pale palipokolea weusi ndio tope. Likifika theluthi ya kina ndio uite egzosta, na usimame hapo hapo, maana kuna wale wananyonya maji ya juu dakika kumi wanakuambia tumemaliza na tope lote limebaki chini. Waambie wakoroge.

MamaPlotMwiki
Kijana wangu hao wapangaji wa bedsita ndio wa kuongea nao. Mimi hapa Mwiki nilitoa daipa, pedi na mpaka sufuria ndogo, sijui ilipitaje. Mafuta ya chapo wanamwaga kwa sinki yakiwa moto yanaenda kugandia huko mbele, sasa kila mtu nimempa mkebe. Na kagua tanki za vyoo, tia rangi ya keki kwa ile tanki ya juu usiflashi nusu saa, rangi ikitokea kwa bakuli inavuja, na choo kinachovuja usiku kucha kinajaza septiki kuliko watu wenyewe. Jumamosi nayo kila mtu anafua, kama wanaweza kupokezana siku itakusaidia.

Kachero_Umo
Mzee tupa matumbo ya mbuzi na hamira kidogo, itajila yenyewe hiyo. Babu yangu alifanya hivyo.

BombaNaSpana
@Kachero_Umo matumbo mpelekee mama mutura bana. Bakteria wanaingia kila mtu akienda choo, hawahitaji kununuliwa wala kuchinjiwa. Kinachowaua ni Jik (dawa ya madoa) ikimwagwa kwa wingi, na asidi ya kuosha choo.

UdongoMweusi
Ruai mko na kotoni soili, ikinyesha inafura na maji hayana pa kwenda, ndio maana Aprili inakusumbua kuliko Januari. Maji ya mvua ya paa na ya uani yasikaribie huko kabisa. Kama shimo limeziba kweli, chimba la pili lipite huo udongo mweusi lifike murram, mbali na kisima kama kuna kisima, halafu weka chemba ya kubadilisha maji yaende shimo lipi ndio hili la zamani lipumzike miezi sita hata mwaka. Ule utando unaoziba kuta ukikosa maji hukauka na shimo hurudi kunywa, si kama jipya lakini hurudi.

Na tafadhali hakuna mtu kuingia ndani ya tanki hata kama egzosta imetoka sasa hivi. Gesi ya mle inaangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa naye anaenda.

MtotoWaRuai
Nimerudi. Maji yamefunika paipu, T hakuna, imebaki alama tu ukutani. Bedsita namba mbili choo kinavuja na jamaa anasema alidhani ni sauti ya majirani. Halafu aibu yangu, gata ya maji ya mvua ya bedsita zote tatu inaingia kwa menholi, na ni mimi nilimwambia fundi aiunganishe hapo kwa sababu ilikuwa karibu. Gata naitoa kesho, T Jumamosi, shimo la pili mvua ikiisha. Swali moja tu, silabu ya juu ya tanki (zege la kufunika) ina ufa mrefu hivi na chuma kinaonekana kimekula kutu, hapo ndio huwa napaki Probox. Ni ya kupigwa plasta ama?

UdongoMweusi
Uko nyumbani saa hii? Toa gari kwanza, na watoto wasicheze hapo. Plasta tutaongea baadaye.