Mitaa miwili jirani Bamburi, Mombasa, na kisima kimoja: gharama zigawanywe vipi?

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wakazi wa mtaa wenye nyumba 32, tuliopakana na magorofa yenye fleti 48 ambayo nayo yana chama chake. Sote tunatumia kisima kimoja kilichochimbwa na mjenzi wa pande zote mbili kabla hajauza, na stima ya pampu tumekuwa tukiilipa nusu kwa nusu kwa makubaliano ya mdomo tu. Pampu ilipoungua tulinunua nyingine kwa haraka, na sasa wenzetu wanakataa kuchangia kwa kuwa hawakuulizwa, huku baadhi yetu wakitaka tuwafungie koki. Njia ya haki ni ipi?

Jibu la kwanza

Koki msiifunge kabisa, kwani mtageuza deni la pampu kuwa kesi ya kunyima watu maji. Tazameni kwanza hatimiliki ya kiwanja kilipo kisima, pamoja na mikataba ya mauzo, ili mjue kama haki ya kutumia maji hayo iliandikwa. Kisha mjue mnazungumza na nani: chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama hakina nafsi yake kisheria, hivyo mkataba hutiwa saini na maafisa wake; lakini ikiwa magorofa yale yamesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, wamiliki wana shirika lao linaloweza kushtaki na kushtakiwa.

Jibu la pili

Nimesimamia majengo Nyali kwa muda mrefu, na naona kosa liko katika nusu kwa nusu yenyewe. Fungeni mita mbili pale bomba linapogawanyika, kila upande ulipie stima kwa kadiri ya maji uliyovuta. Pampu na matengenezo ni jambo jingine, kwa sababu maji ya pwani yenye chumvi huila pampu kwa kila mtu, awe ametumia mengi au machache. Hayo yagawanywe kwa idadi ya nyumba, na kila mwezi kitu kidogo kiwekwe akiba. Kuhusu pampu iliyokwisha kununuliwa, wapelekeeni risiti na maelezo ya fundi juu ya ile iliyoungua, waonyesheni na pampu yenyewe, kisha muwakubalie walipe kwa awamu. Wana haki ya kulalamika kwamba hawakuulizwa, ila maji wanayatumia.

Jibu la tatu

Mkishindwana, tafuteni mpatanishi mnayemkubali nyote. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inahimiza upatanishi. Deni la fedha lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mzozo wa haki ya kisima chenyewe ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko safari ni ndefu.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nitaitisha kikao cha kamati zote mbili, na hoja ya kwanza itakuwa mita. Je, nani azisome?

Jibu la pili

Mjumbe mmoja kutoka kila upande, wasome pamoja tarehe ile ile kila mwezi, wapige picha ya namba na kuzituma kwa kamati zote mbili kabla hawajaondoka kisimani.