Wajukuu wa Bi Mkubwa (Jambiani, Dar, Muscat): majibu ya damu ya Saida

Jumatatu usiku, Januari

Saida: Asalam aleikum wote. Majibu yangu ya tezi yametoka nimeyapiga picha hapo juu. Daktari kasema dawa imenizidi nipunguze kutoka 100 nianze 75 kesho. Mie hata sielewi maana hali yangu sivyo kabisa

Haji Fundi: Waleikum salam. Pole dada. Hiyo picha imetoka kiza, andika namba

Saida: TSH 0.08. Hapo pembeni wameandika kawaida ni 0.4 mpaka 4.0. FT4 ni 31, kawaida 12 mpaka 22

Mwana Muscat: Mama mbona hujaniambia ulienda kupima

Saida: Ningekwambia ungelia mwanangu na mimi sina nguvu ya kubembeleza mtu

Time: Pole wifi yangu 🙏 endelea na jeli yangu ya mwani, usiache hata siku moja

Asha Maabara: Mamdogo shikamoo. Kabla ya yote niambie unajisikiaje, usiniambie daktari kasema nini, niambie wewe mwenyewe

Saida: Marahaba mama. Najisikia gogo. Januari hii Mbagala watu wanalala barazani kwa joto mimi nimevaa sweta la Mwana lile la shule, na soksi. Choo siku nne. Uso asubuhi umevimba pete ya ndoa haitoki hata kwa sabuni, juzi nimesinzia kwenye daladala nikapitishwa vituo vitatu konda ndio kaniamsha, na nywele ndio hizo zinabaki kwenye kitana

Asha Maabara: Ahaaa. TSH ni sauti ya kichwa kuiita tezi ifanye kazi, FT4 ni homoni ya tezi yenyewe. Ya kwanza ikiwa chini na ya pili juu ndio wanasema dawa imezidi. Sasa mamdogo mtu aliyezidiwa na ile dawa moyo unamwenda mbio, anatoka jasho, mikono inatetemeka, anakonda, usingizi hapati, choo kinalainika. Wewe umenitajia kinyume chake kimoja kimoja. Karatasi inasema gari inakimbia na gari yenyewe imezimika

Haji Fundi: Hiyo mimi naijua. Taa ya dashibodi inawaka injini imechemka, ukifungua boneti injini ya baridi. Sensa ndio mbovu. Unabadilisha sensa hubadilishi injini

Asha Maabara: Mjomba umeingia penyewe. Mamdogo piga picha kila kitu unachomeza. Kila kitu, sio dawa ya hospitali tu, na uniambie unameza saa ngapi na nini

*[picha]*

Saida: Hiyo ndio meza yangu. Naamka saa 12, natia vyote kwenye kisosi, kidonge cha tezi, kidonge chekundu cha kuongeza damu, vile viwili vya nywele alivyoniletea Mwana, nasukumia na chai ya maziwa. Halafu kijiko cha jeli ya Time, jioni kijiko kingine

Asha Maabara: Na chai ya maziwa!!!

Saida: Sasa nisukumie na nini, soda?

Asha Maabara: Hivyo vya nywele geuza chupa nyuma nisomee palipoandikwa biotin, baiotini, ile vitamini ya nywele

Saida: Ngoja nitafute miwani

Saida: 5,000 mcg kila kimoja

Asha Maabara: Na unakula viwili. Elfu kumi kwa siku. Mtu mzima mahitaji yake kwa siku ni 30 tu mamdogo. Unakula mara mia tatu na zaidi

Mwana Muscat: Ya Allah mimi ndio nimemletea 😭 huku kila saluni wanaviuza, wasichana wote wanameza, sikujua

Asha Maabara: Havijamdhuru yeye dada, mwili unavikojoa. Vimeiharibu karatasi. Iko hivi, mashine nyingi za kupimia homoni zinatumia hiyo hiyo baiotini kama ndoano ya kunasia kinachopimwa. Sasa damu ikija imejaa baiotini ya vidonge, ndoano zote zimeshazibwa. TSH inasomeka chini ya ukweli, na T4 kwa kuwa kipimo chake kinahesabu kinyume, kadiri kinavyonasa kidogo ndio inaandika nyingi, basi inasomeka juu. Ukiiweka pamoja unapata picha kamili ya mtu aliyezidiwa na dawa na wala hajazidiwa. Sio mashine zote, inategemea aina, ndio maana mtu anaweza kupima maabara mbili akapata majibu mbingu na ardhi

Haji Fundi: Kumbe mashine nayo inarogwa

Asha Maabara: Inarogwa haswa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ile FDA ilitoa onyo, na kuna mgonjwa alifariki, kipimo cha troponini kile cha kuangalia moyo kilisomeka chini kwa sababu alikuwa kwenye dozi kubwa ya baiotini. Sio mambo ya kikundi cha wasap tu

Saida: Sasa kesho ninywe 75 au 100?

Asha Maabara: Mimi sio daktari wako. Kesho asubuhi mpigie yeye, mwambie maneno haya haya, natumia baiotini elfu kumi, nasikia baridi, naomba kurudia kipimo kabla ya kubadilisha dozi. Acha vya nywele kuanzia sasa hivi. Wengine wanasema siku mbili zinatosha, kwa dozi hiyo mimi ningekupa tatu nne ndio utolewe damu

Saida: Pesa ya kipimo hiki nimekopa kikoba Asha

Mwana Muscat: Mama nakutumia usiku huu huu, na usinijibu

Time: Samahani naomba kuuliza. Na jeli yangu nayo imefanya nini mpaka Asha amekaa kimya? Maana naona kimya chake kinasema

Asha Maabara: Anti Time nilikuwa natafuta namna ya kulisema 😅

Time: Sema tu. Mwani una madini 92, imeandikwa kwenye stika

Haji Fundi: Stika umechapisha wewe mke wangu

Time: Haji nyamaza tutaongea nyumbani

Asha Maabara: Sio jeli mbaya kwa kila mtu anti. Ni kwa huyu. Ugonjwa wa mamdogo tezi haikosi chakula, ni kinga yake ya mwili inaishambulia tezi yake mwenyewe, ndio kile kipimo cha antibodi alichofanya miaka mitatu nyuma, anti-TPO, kikaja zaidi ya 600. Mwani una aidini, na aidini ndio malighafi ya tezi, kwa siku mtu anahitaji kama 150 hivi mcg, na chumvi ya dukani ishatiwa aidini. Sasa kijiko chako kina ngapi? Hakuna anayejua, inategemea aina ya mwani na bahari na ulivyouosha. Tezi iliyokwisha kushambuliwa ukiimwagia aidini nyingi haifurahi, inafunga kazi. Kuna watu walikuwa hawajafika pa kumeza dawa wakafikishwa na mwani

Time: Mbona tulipokuwa wadogo wenye rovu wanaambiwa wale chumvi yenye aidini? Leo aidini imekuwa sumu?

Asha Maabara: Swali zuri anti, lile rovu la watu wa milimani ni la kukosa aidini, dawa yake ni chumvi ile. La mamdogo ni jingine kabisa, shingo zinafanana tu

Yusra (simu ya Bibi): Bibi ametuma voisi kasema niiandike kwa kuwa Mjomba hasikilizi voisi. Anasema: "Mwani huu tunalima hapa Jambiani tangu mwaka 89, mgongo wangu umeharibika kwa mwani, magunia na magunia tumeuza wakapeleka kwao wakafanya dawa ya meno sijui na malai. Sijautafuna hata siku moja. Leo watoto wa mjini wanautia kwenye chupa wanamuuzia mwanangu elfu 35. Na mimi kilo walikuwa wakinipa nini?"

Haji Fundi: 😂😂😂😂

Time: Haya mama

Yusra (simu ya Bibi): Bibi kaongeza kwamba hajagomba, anauliza tu bei

Haji Fundi: Asha huo ugonjwa unaitwaje tena, nilisikia jina kama la spea za pikipiki

Asha Maabara: Hashimoto mjomba 😂 ni daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912 aliandika habari za wanawake wanne waliovimba shingo. Na mpaka leo wanaume mnapata wachache, sisi ndio wengi. Mama yangu allah amrehemu nadhani alikuwa nao, hakupimwa tu, mnakumbuka alivyokuwa anajifunika kanga mbili mchana

Saida: Nakumbuka. Tulikuwa tunamwita mvivu

Ijumaa mchana, wiki hiyo hiyo

Saida: Wanangu nimerudia. Siku nne bila vya nywele. TSH 11.6. FT4 10.8. Mashine ile ile!

Mwana Muscat: Subhanallah kutoka 0.08!

Asha Maabara: Mmeona. TSH ni makelele ya kichwani kuiita tezi ifanye kazi. Kazi ikilala makelele yanapanda. Siku zote yalikuwa yanapigwa ila mashine ilikuwa imezibwa masikio. Ungeshuka 75 ungelala moja kwa moja. Daktari kasemaje?

Saida: Alikuwa muungwana. Kasema hakuniuliza na mimi sikumwambia, kwa kuwa mimi nikiulizwa unatumia dawa gani nataja za hospitali, vya nywele naona ni kama mafuta ya kupaka. Kasema tubaki 100 ila nibadilishe namna ya kumeza kwanza, maana inawezekana dawa haiingii kabisa. Na kanipima na akiba ya madini ya chuma, imekuja 9, ndogo sana, kumbe nywele huenda zilikuwa zinakatika kwa hilo na kwa tezi, mimi nanunua baiotini

Asha Maabara: Ndio kile kisosi. Kidonge cha damu na cha tezi vikikutana tumboni vinashikana, dawa nyingi inatoka hukuifaidi. Kalsiamu hivyo hivyo, maziwa nayo. Cha tezi peke yake, maji matupu, tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima ndio chai, na hata kahawa isubiri. Cha damu masaa manne mbele, wewe meza alasiri na chungwa, usimeze na chai maana chai nayo inakizuia hicho. Na mamdogo usiviache kwenye pochi juani

Saida: Alasiri nipo sokoni

Asha Maabara: Sokoni hakuna machungwa?

Saida: 😂 sawa

Mwana Muscat: Dada Asha, huku kuna mtu kaniambia nimletee mama vidonge vya madini ya seleniamu, mcg 200, ati inashusha hizo antibodi. Nishaiweka kwenye kapu sijalipa

Asha Maabara: Usilipe kwanza. Kweli kuna watafiti waliona antibodi zinashuka kwa baadhi ya watu, lakini kwamba mgonjwa anajisikia nafuu au anapunguza dawa, hilo halijathibitika. Na samaki mama anakula kila siku, mayai anakula, huko seleniamu ipo. Ikizidi unajua inafanya nini? Kucha zinavunjika na nywele zinang'oka. Utakuwa umeleta kidonge cha pili cha nywele, hiki cha kuzing'oa

Mwana Muscat: Nimefuta kapu

Time: Na ngano? Nimetumiwa kwamba mwenye tezi aache ngano, kabichi na muhogo

Asha Maabara: Ngano ni kwa mwenye siliaki, ule ugonjwa wa utumbo usiokubali ngano, huyo kweli asile, na wenye Hashimoto wanayo kidogo zaidi ya watu wengine kwa hiyo akiwa na tumbo la kusumbua apimwe. Asiyekuwa nayo ale chapati yake. Kabichi iliyopikwa haina neno. Muhogo shida yake ni kwa anayeula asubuhi mchana jioni na aidini hana, sio mihogo ya nazi ya futari mara moja moja

Saida: Alhamdulilahi, la muhogo ndio nilikuwa nalisubiri

Ramadhani, kumi la mwisho, usiku

Saida: Mko macho? Wiki nane zimetimia jana nimepima. TSH 3.2. FT4 16

Asha Maabara: Mashallah!! Dozi ile ile 100?

Saida: Ile ile. Nilipofunga nilimuuliza daktari, kasema nimeze wakati wa kulala, masaa matatu baada ya kula. Basi nafuturu, naenda tarawehe, nikirudi sigusi kitu, saa 5 na nusu nameza na maji nalala mpaka daku. Cha damu nakitia kwenye futari na juisi ya ukwaju. Na pete imetoka leo wakati naosha vyombo, imeanguka yenyewe kwenye beseni nikadhani nimeipoteza

Haji Fundi: Na sweta?

Saida: Nimempa mtoto wa jirani. Lakini nywele bado jamani, nisiwadanganye, zinakatika vile vile

Asha Maabara: Nywele zina mwendo wao mamdogo, miezi. Chuma kwanza kijae. Antibodi usizipime tena, hazibadilishi dawa, ni kupoteza pesa. TSH utarudia daktari atakapokwambia

Yusra (simu ya Bibi): Bibi anauliza vile vidonge vya nywele vimekwenda wapi, anataka kumpa mbuzi wake amekuwa na upara

Mwana Muscat: 😭😂 Bibi jamani

Saida: Vipo. Akija Yusra atamchukulia

Time: Wifi hongera sana, nimefurahi kweli, nimemwambia na Haji hapa. Na kwenye stika nimeongeza mstari, mwenye tezi amuone daktari kwanza. Ila ile chupa yangu ya jeli nirudishie, tupu au ina kitu ndani, chupa za kioo siku hizi zimepanda bei

Saida: Ile nimeshatilia achari ya ndimu Time

Time: Basi nirudishie na achari