Tupeane uzoefu: mliowahi kuwa nyoka (watoto wa kutambaa kwenye mashimo membamba ya mgodi) Mirerani

Mtu_wa_Zaire:
Leo kwenye daladala nimekaa na dogo ana kinywe (lile vumbi jeusi la mgodini) mpaka kwenye kope, yote yakanirudia. Mliopita machimbo ya Tanzanite kabla serikali haijayazungushia ukuta 2018, mwageni hapa.

Kitalu_D:
Mi niliacha shule la tano baada ya mzee kufariki. Nyoka anaingia pale Apolo (mchimbaji mkubwa) hapiti, unatambaa kwa tumbo tochi kichwani, unaenda kuangalia baruti imefungua nini. Siku hiyo moshi haujaisha msimamizi akasema ingia dogo hewa inakuja, kumbe kompresa ya kusukuma hewa huko juu imezima. Nilipofika mbele kichwa kikawa kinapasuka, miguu haina nguvu, mwenzangu yuko nyuma yangu namwita haitiki. Kugeuka huwezi, inabidi urudi kinyumenyume na yeye ndo kaziba njia. Nikamsukuma kwa miguu mpaka Apolo mmoja akamvuta. Alitolewa kwa kamba ameshakufa, hata sauti ilikuwa haijavunjika. Kwao wakapewa jeneza na gari, basi. Mshahara hatukuwa nao, ni msosi, na mgodi ukitema, yaani mawe yakipatikana, unatupiwa chochote.

Bint_Simanjiro:
Pole sana kaka. Sisi yale mafuriko ya Aprili 1998 machimboni yalichukua ndugu, mwili hatujauona mpaka leo.

Ngarenaro:
Wazazi walikuwa wapi? Na madini yanatoa watu bana, yule mchimbaji Laizer 2020 kauza mawe mawili ya Tanzanite bilioni 7 na ushee.

Bint_Simanjiro:
Laizer alikuwa na mgodi wake! Nyoka ana nini? Mama yangu alikuwa anachekecha mabaki ya udongo wa mgodi hapohapo juani na mimi mgongoni, unamuuliza alikuwa wapi?

Kijana_Pori:
@Kitalu_D kunywa maziwa kila siku, yanasafisha vumbi.

Mama_Wawili:
Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Nenda kapime kifua na umwambie daktari ulifanya kazi mgodini, usipomwambia utapewa dawa ya kikohozi urudi nyumbani. Na mkiona mtoto anashushwa mgodini pigeni 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, sheria hairuhusu chini ya miaka 18.

Kijana_Pori:
Ukipiga anahamishiwa shimo lingine. Bora umlipie ada.

Mama_Wawili:
Tangu 2016 shule za serikali mpaka kidato cha nne hazina ada. Huyo mtoto anatafuta chakula cha wadogo zake, hapo ndo pa kusaidia, na simu upige vilevile.